Wakili wa Mtu Asiyeogopa

Watu walimwita Sajini, na hakuna jeshi duniani lililowahi kumpa cheo hicho. Ujanani alikuwa dobi katika kambi ya askari. Alifua magwanda, akayaanika, akayapiga pasi, na kama hakuna aliyekuwa akimtazama, aliyavaa kidogo mbele ya kioo kabla ya kuyarudisha kwa wenyewe. Vita alivyopigana yeye vilikuwa vya madoa ya grisi. Lakini mtu akishahama kambi na kwenda mtaa ambao hakuna anayemjua, nani atamuuliza alikuwa upande gani wa sabuni? Alifika na kitambi kidogo, sauti kubwa na koti lenye vifungo vya shaba, na kabla mwezi haujaandama mara ya pili alikwisha kuwa Sajini, wala hakumkatalia mtu.

Makao yake makuu yalikuwa kwa kinyozi. Kichwa chake kilikuwa kipara tangu zamani, wembe hauna la kufanya pale, lakini kila Jumamosi alikalia benchi la wateja mpaka kinyozi anafunga mlango. Hapo ndipo alipomnyonga chatu kwa mkono mmoja. Hapo ndipo alipovuka mto wenye mamba, bunduki ameing'ata kwa meno. Wateja walikuja na nywele zilizokatwa juzi tu, wakisema wanataka kusawazishwa kidogo, kumbe wamefuata chatu. Na kila hadithi ilifungwa kwa kamba ile ile.

"Kuogopa? Mimi hofu niliisahau tumboni mwa mama."

Kinyozi, rafiki yake wa chanda na pete, aliitikia kila mara, "Na mama hakukuletea."

Aliyeujua ukweli wa sabuni alikuwa mmoja tu, mkewe. Mama Mapacha aliuza mitumba sokoni, mwanamke mfupi mwenye jicho la kuona tundu la sindano kwenye shati lililokunjwa. Walikutana kwenye uzio wa kambi, yeye akiwa na beseni, mwenzake akiwa na povu mpaka viwikoni. Alisikia habari za chatu kama mtaa mzima, naye akanyamaza. Alikuwa na msemo wake: mume ni kama nguo ya ndani, tundu lake unalijua wewe, huendi kulianika barabarani.

Kwa sifa hizo Sajini alipata kazi katika kampuni ya ulinzi, na kampuni ikampanga kwenye ghala la vyakula vya kuku. Ghala lenyewe lilikuwa jengo refu la mabati, magunia yamepangwa hadi darini, pumba zinaelea hewani na njiwa wanatembea juu kama wenye nyumba. Katikati palikuwa na mizani kubwa ya chuma iliyoinuka kidogo kutoka sakafuni, na kila mgeni alijikwaa hapo angalau mara moja. Aliyepima alikuwa msichana mmoja ambaye wote walimwita dada wa mizani. Kampuni ilimpa Sajini bunduki ya marisau iliyomzidi umri, ikampeleka uwanjani asubuhi moja akajifunze kulenga ndoo. Ndoo ile bado inatumika kuchotea maji, na haivuji.

Siku ya tukio ilikuwa mchana wa jua kali. Mwenye ghala alikuwa amekwenda kula. Dada wa mizani alikuwa nyuma ya magunia, amevua viatu, anajipepea. Akaingia mtu amevaa koti katika joto lile, na ndani ya koti mna panga. Kilichofuata ni mlio mmoja mkubwa. Njiwa wote wakahama. Wapita njia walipochungulia walimkuta mwizi amelala kifudifudi mlangoni, marisau yamemwingia makalioni, na Sajini amesimama katikati ya ghala, amejaa pumba kuanzia kipara mpaka viatuni, bunduki ameishika kama fagio.

Hayo hayakuwa na ubishi. Ubishi ulianza kituoni, Sajini alipoombwa aeleze ilikuwaje.

Askari aliyekuwa akiandika alikuwa kijana mpole. Alimletea kiti, akamwambia, "Mzee, sema tu kilichotokea."

Laiti angejua kwamba hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kwa mzee huyo.

"Nilimwona tangu anaingia," alisema Sajini. "Nikajisemea, huyu leo kaingia choo cha kike. Nikamwacha asogee. Alipoiona bunduki akageuka kukimbia. Nikamwambia, kimbia kidogo, nisije nikaambiwa nimekuonea. Alipofika mlangoni, nikampa."

"Ulilenga?"

"Makalio. Ningetaka kichwa ningechukua kichwa."

Askari aliinua kalamu. "Mzee, una hakika unataka niandike hivyo?"

"Andika. Na herufi ziwe kubwa."

Jioni ile ile alikuwa kwa kinyozi akiirudia, na mlango ulikuwa umesogea mbali kidogo na mwizi alikuwa ameongeza mbio. Aliporudi nyumbani, Mama Mapacha alikuwa bado sokoni. Alipofika na furushi lake kichwani, alimkuta mumewe amechuchumaa bombani uani, anafua suruali yake ya kazi. Alisimama akatazama. Tangu waoane mwanamume huyu hakuwahi kufua hata kitambaa cha kufutia jasho. Kila alipoombwa alijibu kwamba alifua vya kutosha kambini.

"Damu ya mwizi?" aliuliza mkewe.

"Vumbi."

Mama Mapacha aliangalia mahali ambapo sabuni ilikuwa nyingi zaidi. Vumbi haliingii pale. Suruali haikuanikwa kwenye kamba ya nje, ilianikwa ndani, nyuma ya mlango wa chumba. Naye akaingia jikoni, maana msemo wake alikuwa bado nao.

Mwizi naye hakufa. Alilazwa hospitali, kifudifudi, na kwa kuwa alikuwa na nafasi ya kutafakari, alitoa maelezo yake. Alisema yeye ni mfugaji. Alikuwa ametoka kukata majani, ndiyo maana ana panga. Aliingia kuulizia bei ya chakula cha vifaranga, akaona mzee anamwelekezea bunduki, akakimbia kuokoa roho yake, akapigwa kwa nyuma. Maelezo ya mwizi na maelezo ya Sajini yakawekwa mezani, yakafanana kama mapacha wa nyumbani kwake. Hata askari waliokuwa na zamu siku hiyo walisema hawajawahi kuona mshtakiwa na mlalamikaji wakipatana hivi.

Basi Sajini akafunguliwa mashtaka ya kujeruhi kwa kukusudia. Shemeji yake akamwekea dhamana. Kosa lenyewe lilikuwa la kifungo, tena si kifungo cha kwenda na kurudi.

"Wanishtaki mimi?" alisema, akizunguka sebuleni. "Mimi niliyezuia wizi?"

"Wamekushtaki kwa mdomo wako," alisema Mama Mapacha. "Mdomo huponza kichwa, na chako hakina hata nywele za kupunguza kishindo."

Wa kwanza kuja kuwatetea alikuwa wakili wa kampuni ya ulinzi. Alikuja na gari linalong'aa na viatu vinavyong'aa kuliko gari, akajaza sebule manukato. Alimwita Sajini "shujaa wetu" kabla hajakaa.

"Kampuni inajivunia wewe," alisema. "Uamuzi ule ulikuwa wako peke yako, sivyo? Hakuna aliyekuamuru."

"Mimi siamriwi."

"Nilijua. Na kampuni iliwahi kukuelekeza kwamba bunduki ni ya kutishia tu?"

"Walisema. Lakini mwanamume akifika vitani anasikiliza damu yake."

"Maneno mazito hayo. Niliyaandika tayari, nikijua utasema hivyo. Weka sahihi hapa, sisi tutashughulikia yaliyobaki."

Sajini alikuwa ameshaishika kalamu, kifua mbele, Mama Mapacha alipoingia na glasi ya maji. Hakuiweka mezani. Aliishika pale hewani.

"Baba, samahani, mimi sikusoma sana. Wewe ni wakili wa nani?"

"Wa kampuni, mama. Na mumeo ni mtu wa kampuni."

"Kampuni ikisema hivi na mume wangu akisema vile, wewe utasema vipi?"

Wakili alitabasamu, akapokea glasi, akanywa yote bila kupumua. "Maji yako matamu, mama."

"Ya bomba tu. Karibu siku nyingine." Akamtoa mumewe kalamu vidoleni kama anavyomtoa mteja mkono kwenye nguo asiyokusudia kununua.

Ukoo ukajaa ushauri. Mjomba alikuwa na mpwa anayesomea sheria, mwaka wa pili. Wifi alimjua wakili wa mashamba aliyeshinda kesi ya mpaka wa migomba. Sajini mwenyewe alitaka wakili mwenye sauti, mtu akinguruma madirisha yatikisike. Mama Mapacha aliwasikiliza wote, kisha akafanya kama anavyofanya siku marobota ya mitumba yanapofunguliwa: hakununua kwa kusikia. Alifunga meza yake, akaenda mahakamani na kanga mbili na chupa ya maji, akakaa kwenye benchi la nyuma kutazama mawakili wakifanya kazi. Wengi walikuwa kama shati lenye kola nzuri na mgongo uliochanika. Mmoja alinguruma kama alivyotaka Sajini, na mteja wake akapelekwa rumande angali ananguruma. Kisha akasimama mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, akamuuliza shahidi maswali mafupi kama mtu anayeuliza njia, akakaa. Hakimu alikuwa ameacha kupiga miayo.

"Huyu nimemgeuza ndani nje," Mama Mapacha alimwambia mumewe. "Mshono umesimama."

"Mwanamke?"

"Unataka wakili au unataka mwenzako wa kwa kinyozi?"

Ofisi ya mama wakili ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya fundi seremala wa vitanda. Ngazi zilikuwa na maranda, na kila baada ya muda kidogo nyundo ilipigwa chini mpaka vikombe vikatikisika. Mama wakili alikuwa amezoea. Nyundo ikianza, alinyamaza; ikiisha, aliendelea kutoka neno lile lile.

"Kwanza," alisema, "ukiniambia kitu hapa kinakaa hapa. Mimi sina mume wa kumsimulia, na paka wangu kiziwi. Pili, kuanzia leo usimwambie mtu yeyote habari ya ghala. Kinyozi nimeshasikia yupo kwenye orodha ya mashahidi wa serikali."

"Kinyozi wangu?"

"Ulimwambia ulimpa mwizi nafasi akimbie, halafu ukamwinda. Wameona hilo ni la kusikilizwa." Akasafisha miwani kwa pindo la blauzi. "Sasa nieleze mimi. Ilikuwaje?"

Sajini alijiweka sawa kitini, akakohoa kidogo, akaanza. Mwizi akaingia. Sajini akamwona. Sajini akasubiri. Mama wakili alimsikiliza mpaka mlangoni, mpaka makalioni, mpaka kichwa ambacho angeweza kukichukua kama angetaka.

"Uliogopa?" aliuliza.

"Kuogopa? Mimi hofu niliisahau..."

Nyundo ikapigwa. Mama wakili alingoja. Sajini naye akangoja, maneno yamemkaa mdomoni kama tembe ya dawa.

"...tumboni mwa mama," alimalizia, na kwa namna fulani hayakuwa na ladha.

Mama wakili akafunga faili. "Mzee wangu, sikiliza. Mtu anayejihami ni mtu aliyeona atauawa. Aliyeona atauawa huogopa. Asiyeogopa, akampiga mwenzake marisau kwa nyuma, huyo hajihami, huyo anajifurahisha. Kwa mtu asiyeogopa mimi sina utetezi. Nenda nyumbani. Ukipata hofu, rudi nayo. Usiipate, tafuta wakili mwingine."

"Wakili gani anamfukuza mteja kwa kuwa shujaa?"

"Anayetaka mteja wake alale nyumbani kwake," alisema mama wakili, akavaa miwani.

Walirudi kwa miguu, yeye na mkewe aliyekuwa amekaa mlangoni akisikia yote. Sajini alipita mbele ya duka la kinyozi bila kugeuza shingo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nyumbani alikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani akaangalia bomba. Mama Mapacha akaleta kiti chake kidogo, akakaa kando, akaanza kukata uzi uliolegea kwenye furushi la sketi.

"Baba Mapacha."

"Naam."

"Ile suruali ilikuwa na vumbi gani?"

Kuku wa jirani akaja, akachungulia, akaenda zake.

"Ulijua," alisema.

"Nimefua nguo za watoto wawili kwa mkupuo mmoja. Kuna kitu gani cha suruali nisichokijua?"

"Na hukusema."

"Nimwambie nani? Lakini sasa lazima useme wewe. Nikisema mimi ni umbea wa mke. Ukisema wewe ni ushahidi."

"Watanicheka. Mtaa mzima utakuja mahakamani. Kinyozi atakuwepo. Mtu anaishi na jina lake, mama watoto. Nikilivua hilo nitabaki na nini? Dobi?"

Mama Mapacha akang'ata uzi, akautema. "Mimi niliolewa na dobi. Huyu Sajini mlikuja kunijulisha baadaye. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mtaa ukicheka, utacheka wiki moja. Wewe ukienda ndani, atakayelia ni mimi, na nina mitumba ya kuuza, sina nafasi ya kulia."

Kesho yake Sajini alipanda ngazi zenye maranda peke yake. Alikaa kwenye kiti kile kile, akaomba, kama mama wakili haoni vibaya, aseme wakati nyundo inapigwa.

"Sema," alisema mama wakili. "Fundi akipumzika utarudia."

Akasema. Alikuwa anasinzia. Aliposhtuka panga lilikuwa limeshainuliwa. Alirudi nyuma, kisigino kikagonga ile mizani inayowakwaza wageni, akaanguka chali. Panga likashuka, likamkosa, likapasua gunia lililokuwa juu yake, na chakula cha kuku kikammwagikia usoni. Hakuona kitu. Alifumba macho, akapiga ukelele, na kidole kikafanya kilichofanya. Mwizi alikuwa amegeuka tayari alipoona mtutu unainuka, ndiyo maana yakaingia nyuma. Makalio hayakulengwa. Hakikulengwa chochote; aliyelenga ni Mungu.

"Ukelele gani?"

"Ni lazima?"

"Lazima."

"Niliita, 'Mama yangu nakufa.' Halafu, mama wakili, na suruali."

"Suruali tutaiacha nyumbani," alisema mama wakili, na kwa mara ya kwanza akamsukumia kikombe cha chai. "Sasa una hofu. Sasa una wakili."

Siku ya kesi mtaa ulihamia mahakamani kama ulivyotabiriwa. Waliokosa benchi walisimama madirishani. Kinyozi aliitwa kwanza, amevaa shati jipya alilouziwa na Mama Mapacha mwenyewe, maana biashara ni biashara. Alikuwa na huzuni ya mtu anayetumwa kumzika rafiki yake kwa koleo la serikali. Mwendesha mashtaka alimuuliza mshtakiwa alisema nini, naye, kwa kuwa ameapa, akasema yote: alimsubiri, akamwambia akimbie, akampa.

Mama wakili akasimama.

"Ndugu kinyozi, mshtakiwa alikwambia pia kwamba alimnyonga chatu?"

Kinyozi alimwangalia Sajini kizimbani, akageuza macho. "Aliniambia."

"Kwa mikono mingapi?"

"Mmoja."

"Mwingine ulikuwa wapi?"

"Mara nyingine alikuwa ameshika taa. Mara nyingine alikuwa anakula."

Madirishani watu wakaanza kukohoa.

"Na mto wenye mamba?"

"Aliuvuka. Mwanzo ulikuwa na mamba watatu. Mwaka huu wamekuwa kundi."

"Wewe ulimwamini?"

Kinyozi alikunja pindo la shati jipya, akalikunjua. "Mheshimiwa, huyu ni rafiki yangu. Sisi tunamsikiliza. Kumwamini hatujawahi kufika huko."

Kicheko kikapita chumbani, hakimu akagonga meza. Sajini alisimama kizimbani akitazama vifungo vyake vya shaba. Miaka yote ile alidhani benchi lile limejaa waumini. Kumbe walikuwa watazamaji, na kila mmoja wao alirudi Jumamosi iliyofuata. Hakujua kama akasirike au awashukuru.

Akaitwa dada wa mizani. Kituoni alikuwa amesema hakuona kitu, na ni kweli hakuona.

"Ulisikia nini?" aliuliza mama wakili.

Msichana alimtazama Sajini. "Baba, nisamehe. Nilisikia mtu anaita mama yake. Anasema anakufa. Kisha bunduki ikalia."

"Kwanza ukelele, baadaye bunduki?"

"Ndiyo. Nilidhani ni mwizi anayelia. Nikasema moyoni, hata yeye ana mama. Nilipotoka nikakuta baba amesimama, gunia la juu ya mizani limekatwa, linamwaga. Panga lilikuwa pale pale chini ya gunia. Gunia nililishona mimi, kwa sababu mwenye ghala hapendi hasara."

Mwisho ikawa zamu yake. Sajini alishika ukingo wa kizimba. Aliona kipara cha mjomba, aliona miwani ya kamba ya kiatu, aliona wenzake wa benchi wamejibana madirishani, vichwa vyao vimenyolewa vizuri kwa ajili ya siku hiyo. Nyuma kabisa Mama Mapacha alikuwa ameketi, furushi miguuni, hamsaidii hata kwa nyusi.

"Niliogopa," alisema.

"Hatukusikia," alisema karani.

"Niliogopa. Niliogopa mpaka nikamwita mama yangu, naye marehemu."

Alipoanza hakuweza kukoma, kama kawaida yake, ila safari hii kila neno lilimshusha ngazi moja. Akasema kuhusu usingizi, kisigino, pumba machoni. Akasema hata kuhusu sabuni na kambi, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Mama wakili alimwangalia juu ya miwani kumwashiria inatosha. Haikutosha. Suruali tu ndiyo aliyoiacha nyumbani, na hata hiyo ilimfika kooni mara mbili.

Mwendesha mashtaka alisimama akiwa na karatasi ya kituoni. "Kwa hiyo polisi uliwadanganya."

"Niliwadanganya."

"Na rafiki zako umewadanganya kwa miaka. Leo tukuamini kwa sababu gani?"

"Mheshimiwa," alisema Sajini, "uongo wangu wote ulinirefusha. Haya ninayosema yananikata miguu. Nani anadanganya ili awe mfupi?"

Mwendesha mashtaka aliitazama karatasi yake, akaikunja, akakaa. Hakimu alikuwa ameinamia meza anaandika, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kidogo, pengine kwa sababu ya kalamu mbovu.

Hukumu iliposomwa, ilisema kwamba mtu aliyelala chali, panga limepasua gunia juu ya uso wake, anamwita mama aliyekwisha kufa, hawezi kuwa alikuwa akiwinda. Sajini akaachiwa. Yule mfugaji asiye na kifaranga hata mmoja alifunguliwa kesi yake mwenyewe, ambayo aliisikiliza kwa kusimama, kwa sababu kukaa kulikuwa bado kunamshinda.

Kampuni ilimchukulia bunduki, ikamshukuru, ikasema haina tena nafasi kwa ajili yake. Mtaa ulicheka wiki moja, kama Mama Mapacha alivyosema, na siku mbili za ziada za heshima. Watoto walimpita wakiita "Mama yangu nakufa", naye akawa anatembea kando ya ukuta. Jumamosi ya pili kinyozi alimfuata nyumbani mwenyewe, akasimama mlangoni na taulo begani.

"Benchi limepoa," alisema. "Njoo."

"Kwenda kusema nini? Nimeisha."

"Njoo utuambie ulivyoogopa. Mahakamani hatukusikia vizuri, wengine tulikuwa madirishani."

Akaenda. Akasimulia pole pole, kwa aibu, na walipocheka aligundua kwamba hawakuwa wakimcheka kama alivyodhani. Walikuwa wameshika matumbo na kila mmoja anasubiri zamu ya kusema lini naye alikimbia nini. Fundi viatu alikiri alimkimbia bata. Jumamosi iliyofuata akairudia. Kufikia mwezi uliofuata panga lilikuwa limerefuka, ukelele ulisikika hadi sokoni, na alikuwa amezimia mara mbili.

"Msiniambie habari za kuogopa," alisema, kifua mbele. "Katika mtaa huu hakuna mtu aliyeogopa kama mimi. Labda azaliwe."

"Sasa ni sajini wa waoga," alisema Mama Mapacha, aliposimuliwa. "Nilijua cheo hakitampotea."

Kazi mpya alipewa na mkewe. Nyuma ya meza ya mitumba alitengeneza kibanda kidogo, wakaweka beseni, pasi ya mkaa na kamba ndefu, na Sajini akarudi kwenye vita vyake vya madoa. Hapo hakuwa na mpinzani. Shati lililotoka robota kama tambara lilipita mikononi mwake likarudi mezani na kola iliyosimama, na wanawake waliozoea kumlalia Mama Mapacha kwenye bei wakaanza kulipa bila kununa.

Siku moja askari yule mpole wa kituoni aliwaletea gwanda lake lifuliwe, akaacha na salamu. Mama Mapacha alikuwa na mteja. Alipomaliza, akaona pasi iko kimya muda mrefu mno. Akasukuma pazia. Mumewe alikuwa amesimama mbele ya kipande cha kioo, gwanda la polisi limefungwa vifungo mpaka shingoni, kidevu juu, mkono mmoja mfukoni.

Wakatazamana kwenye kioo.

"Linanibana kwapani," alisema Sajini.

"Vua," alisema Mama Mapacha, "kabla hatujahitaji wakili tena."

Akalivua, akalinyunyizia maji, akarudi kwenye pasi.